Programu za kufuatilia hedhi

Programu za kufuatilia hedhi ni programu za simu ambamo mwanamke huandika tarehe za hedhi yake ili kukadiria hedhi inayofuata na siku anazoweza kupata mimba. Wengi bado hufanya kazi hiyohiyo kwa kalenda ya ukutani na kalamu.

Programu hupiga hesabu kutokana na mizunguko iliyopita. Kwa kawaida yai hutoka katika ovari takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata: kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni karibu na siku ya 14, lakini kwa mwenye mzunguko wa siku 35 ni karibu na siku ya 21. Kwa kuwa mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5, kosa dogo la hesabu linatosha kuleta mimba isiyotarajiwa. Makadirio hupotoka zaidi kwa wasichana waliovunja ungo karibuni, wanaonyonyesha na wanaokaribia kukoma hedhi.

Faida kubwa ni kumbukumbu. Mkunga huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na wengi wakiulizwa hawaikumbuki. Rekodi humsaidia pia daktari kutambua damu inayotoka kupita kiasi au maumivu yanayorudi kila mwezi.

Ni programu chache zilizoidhinishwa kuzuia mimba. Natural Cycles ya Sweden, inayotumia pia joto la mwili, iliruhusiwa Marekani mwaka 2018. Katika matumizi ya kawaida, takriban wanawake 7 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka.

Hatari nyingine ni ya faragha. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilimaliza kesi dhidi ya Flo, iliyodaiwa kupeleka habari za watumiaji kwa Facebook na Google ingawa iliahidi kuzitunza. Flo haikukiri kosa. Sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa hubana hospitali na bima, na kwa kawaida haizigusi programu hizi. Hofu iliongezeka Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya kikatiba ya kutoa mimba: rekodi ya hedhi iliyochelewa ingeweza kutafutwa kama ushahidi.

Programu kama Drip ya Ujerumani huhifadhi kila kitu ndani ya simu yenyewe. Hata hivyo simu ikipotea bila nakala, rekodi hupotea nayo, na anayejua namba ya siri ya simu huenda akazisoma.