Goba: Barabara itolewe kabla ya kuuza shamba

KWA miaka mingi, mkazi wa Dar es Salaam aliyetaka shamba la mihogo, miembe na mikorosho bila kwenda mbali na mji angeweza kulipata Goba. Siku hizi anayekwenda huko anatafuta kiwanja.

Kata hiyo, iliyokuwa Kinondoni kabla ya kuanzishwa kwa Manispaa ya Ubungo, ipo kati ya Barabara ya Bagamoyo na ile ya Morogoro. Barabara ya kutoka Tangi Bovu kwenda Mbezi Mwisho inapita humo, na mashamba ya kandokando yake yamegeuka makazi.

Wapi nyumba zijengwe ni swali la mipango miji. Lakini Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka 1979 ulikaa miongo kadhaa bila kupata mrithi, huku watu wakiongezeka. Sensa ya 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 mkoani, ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Pembezoni, jibu likatolewa na mkulima mwenye shida ya fedha na dalali mwenye mteja.

Serikali ilijaribu njia nyingine mwaka 2002 kwa Mradi wa Viwanja 20,000. Maeneo kama Mbweni, Bunju, Kibada na Toangoma yalitwaliwa kwa fidia, yakapimwa, kisha viwanja vikauzwa. Mpangilio ulipatikana. Hata hivyo, mkulima aliyelipwa fidia alilipwa mara moja. Bei ilipopanda baadaye, faida ilikwenda kwa mwenye kiwanja.

Je, mkulima anaweza kupanga mwenyewe na faida ikabaki kwake?

Chukua mfano wa mwenye ekari 2, yaani takriban mita za mraba 8,090. Akikata viwanja vya mita 20 kwa 20 bila kuacha njia, anapata 20. Tuseme kila kimoja kinauzwa Sh milioni 5: anapata Sh milioni 100.

Akiacha theluthi moja kwa ajili ya barabara na huduma, anabaki na viwanja 13. Ili asipate hasara, kila kimoja kiuzwe kwa takriban Sh milioni 7.7, na juu yake gharama za upimaji. Hivyo swali la kumuuliza mnunuzi ni hili: kiwanja kinachofikika kwa gari na chenye bikoni, utakiongezea kiasi gani?

Nyongeza hiyo ina sababu. Penye kichochoro, lori la matofali humwaga mzigo mbali na gharama ya kuubeba hupanda. Gari la kunyonya maji taka halifiki, wala la zimamoto.

Tatizo ni kwamba mkulima mmoja hawezi kuchora barabara inayoishia kwenye mpaka wa jirani. Majirani wanne au watano wakikaa pamoja kabla yeyote hajauza, kila mmoja hutoa kipande kidogo na wote hupata njia. Mchoro hupelekwa manispaa uidhinishwe, ndipo mpima aliyesajiliwa aweke bikoni.

Goba ina vilima na mabonde, hivyo si kila sehemu inafaa kujengwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bondeni pabaki pa mchicha na matembele. Anayemuuzia mtu bonde anamuuzia mafuriko.

Kazi ya kurasimisha makazi mkoani imeonyesha ugumu wa kufanya haya kinyume: nyumba kwanza, njia baadaye. Ukuta ukishajengwa, mita tatu za barabara ambazo shambani zilikuwa migomba michache zinakuwa sebule ya mtu.

Kwa mkulima ambaye hajauza, muda bado upo. Aanze kwa kuzungumza na jirani, dalali baadaye.