Mbwa Asiyebweka: Mtazame Anywapo Maji

Kati ya mbwa wote wajulikanao duniani yuko mmoja mdogo, mwenye masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja juu ya mgongo na makunyanzi katika paji la uso, ambaye habweki. Huitwa Basenji. Asili yake ni misitu ya Kongo, ambako wawindaji humvisha kengele ya mti shingoni ili wajue aliko, maana yeye mwenyewe hatawaambia. Uzito wake ni kilo 10 au 11, na kimo chake begani ni sentimita 40 na ushei. Jina lake nalo si geni masikioni mwetu: ni ndugu wa neno "washenzi", walivyoitwa watu wa bara kwa dharau. Mbwa huyo aliyedharauliwa leo hufugwa katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani.

Huenda wewe huna Basenji nyumbani. Hata hivyo, historia ya afya yake ina mafunzo kwa kila familia ifugayo mbwa, kwani mnyama hana kinywa cha kusema "naumwa". Mwenyewe ndiye apaswaye kumsoma.

KIU ISIYO YA KAWAIDA

Ugonjwa uliowasumbua sana Basenji ni ule uitwao Fanconi, kwa jina la Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi. Ili tuuelewe, hatuna budi kwanza kufahamu kazi ya figo. Figo huchuja damu. Kisha vijifereji vyake hurudisha mwilini vitu vyenye manufaa kama sukari, chumvichumvi na viini vya protini, na kuacha takataka zitoke na mkojo. Katika ugonjwa huu vijifereji hivyo hushindwa kazi. Vyenye manufaa na visivyo na manufaa vyote hutoka nje pamoja.

Dalili huanza polepole, mara nyingi mbwa awapo na umri wa miaka 4 hadi 8. Bakuli la maji lililokuwa likitosha kutwa sasa hukauka kabla ya adhuhuri. Mbwa hukojoa mara kwa mara, na aliyekuwa na adabu huanza kukojoa ndani ya nyumba. Hula vizuri, lakini hukonda.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Humchapa mbwa kwa utovu wa adabu, au humfichia maji ili asikojoe. Kufanya hivyo ni hatari kubwa. Mbwa huyo hanywi kwa uroho. Anafidia maji yampoteayo. Ukimnyima utamwua. Mwachie maji safi wakati wote, na umpeleke kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa.

SI LAZIMA KIWE KISUKARI

Daktari akipima mkojo wa mbwa huyu atakuta sukari, na ni rahisi kudhani kwamba ni kisukari. Tofauti iko katika damu. Mwenye kisukari ana sukari nyingi katika damu. Mwenye Fanconi sukari ya damu yake ni ya kawaida. Akichomwa sindano ya insulini asiyoihitaji aweza kupoteza maisha. Kwa hiyo ni lazima vyote viwili vipimwe, mkojo na damu.

Wafugaji wazoefu wa Basenji hawangojei kiu. Mbwa atimizapo miaka 3, huupima mkojo wake kila mwezi kwa vijiti vilevile watumiavyo wagonjwa wa kisukari. Ugonjwa ukigunduliwa mapema, daktari humpa dawa za kurudisha mwilini vile vinavyopotea, na mbwa wengi huishi miaka mingi.

Ziko dalili nyingine za kuangalia. Mbwa kijana achokaye upesi na mwenye ufizi mweupe huenda ana upungufu wa damu wa kurithi. Ajikwaaye gizani huenda macho yake yanaharibika. Anenepaye bila kuzidishiwa chakula, huku manyoya yakipukutika, huenda tezi yake ya shingo ina kasoro.

FUNZO LA KUZALISHA

Ugonjwa wa Fanconi hurithiwa. Mbwa aweza kuubeba bila kuugua. Lakini wabebaji wawili wakipandana, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, walitoa kipimo cha kwanza cha chembe za urithi, na mwaka 2011 wakatoa kilicho bora zaidi. Mzalishaji apimaye na kumpandisha mbebaji kwa mbwa asiye na kasoro hatapata mtoto hata mmoja wa kuugua.

Je, kwa nini wasitupwe wabebaji wote? Jambo hilo lilikwisha kujaribiwa. Katika miaka ya 1970 kipimo cha ule upungufu wa damu kilipopatikana, wabebaji wengi waliachwa wasizae. Mbwa wazazi wakapungua, na kizazi kikazidi kuwa cha jamaa wa karibu, hali ambayo huyapa maradhi mengine ya kurithi nafasi ya kuenea. Ilibidi wapenzi wa mbwa hao wafunge safari hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mnamo 1987 na 1988, wakatafute damu mpya vijijini. Mwaka 1990 daftari la ukoo wa Basenji nchini Marekani likafunguliwa ili kuwapokea wageni hao. Dawa ya mbwa wa maonyesho ilipatikana kwa mbwa wa shamba.

NYUMBANI KWAKO

Basenji wawili walioonyeshwa Uingereza mwaka 1895 walikufa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi uletao homa, makamasi, kuhara na kifafa. Siku hizi chanjo yake ipo. Basi mwulize bwana mifugo wa mtaa wako juu ya chanjo hiyo na ile ya kichaa cha mbwa, ambayo huwakinga pia watoto wako. Mkague mbwa kila siku, masikioni na katikati ya vidole, uondoe kupe kabla hawajamwambukiza homa. Mpe chakula cha kiasi, asinenepe.

Zaidi ya yote, chagua mtu mmoja katika nyumba, hata mtoto wa shule, awe ndiye ajazaye bakuli la maji kila asubuhi kwa kipimo kimoja. Siku kipimo hicho kitakapokuwa hakitoshi, yeye atakuwa wa kwanza kujua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.