Ndama Akivunjika Mguu, Usikimbilie Kisu

Msomaji, huenda likizo ijayo utafunga safari hadi Kibirichia kumjulia hali nyanya. Alfajiri, baridi ya Mlima Kenya ingali imelalia mashamba ya viazi, unasikia kelele zizini. Ndama ametumbukia mtaroni, mguu umevunjika na mfupa umetoboa ngozi. Wajomba wananoa kisu.

Waambie wangoje kidogo. Mguu uliovunjika chini ya goti bila jeraha, mara nyingi plasta hutosha. Penye jeraha, plasta huficha usaha. Hapo daktari wa mifugo mwenye ujuzi huo hutumia vyuma vya nje: hupitisha pini ngozini hadi mfupani, juu na chini ya palipovunjika, kisha huzifunga kwa vibano kwenye ufito wa chuma ulio nje ya mguu. Kidonda huoshwa huku mfupa umetulia.

Si jambo geni. Otto Stader, daktari wa mifugo wa Marekani, alibuni chombo cha namna hii kwa ajili ya mbwa katika miaka ya 1930. Vita Vikuu vya Pili vilipofika, jeshi la majini la nchi hiyo likakitumia kwa mabaharia. Binadamu wakaazima dawa ya mbwa!

Wewe mwanafunzi wa fizikia, shika kalamu. Ukakamavu wa pini hufuata kipeo cha nne cha kipenyo chake, hivyo pini ya milimita 4 huushinda ukakamavu wa ile ya milimita 3 zaidi ya mara 3. Sogeza ufito karibu na mguu hadi urefu wa pini ulio kati ya ufito na mfupa uwe nusu, na ukakamavu wa pini hupanda mara 8. Mbona basi tusitumie pini nene kama nondo? Tundu likizidi theluthi ya unene wa mfupa, mfupa huweza kuvunjika papo hapo tunduni. Tena vyuma vikikaza mno, mfupa hukosa mtikisiko mdogo unaouchochea kuunga. Vikilegea, pini hucheza na uchafu hupenya. Naye ndama hajui kupumzika kitandani.

Ng'ombe mzima ni habari nyingine, uzani wake huvitesa vyuma.

Kabla daktari hajafika, usiuvute mfupa wala kuurudisha ndani. Funika jeraha kwa kitambaa safi, funga mabanzi yapite kiungo cha juu na cha chini, mlaze ndama kwenye nyasi kavu. Nyanya akiuliza gharama, aelewane na daktari kabla pini ya kwanza haijaingia.