Una Seliaki na Unapenda Dishi ya Kichina? Cheki Sosi za Kuweka kwa Keja na Zile za Kuhepa

Daktari akikuambia una seliaki na uachane na gluteni, kitu ya kwanza inakuja kwa akili ni chapo, mandazi na mkate. Hizo ni rahisi kuhepa kwa sababu unaziona. Noma iko kwa chupa. Wali wa kukaanga hauna ngano hata kidogo, lakini ukishamwaga sosi ya soya juu, umemwaga na ngano.

Ndio, umesoma poa. Sosi ya soya ya kawaida ya Kijapani hutengenezwa kwa soya na ngano, karibu nusu kwa nusu, halafu inachachishwa miezi kadhaa na maji ya chumvi. Jina linataja soya peke yake, ngano imejificha.

Na hii si kuringa wala mambo ya diet. Kwa msee wa seliaki, gluteni ikiingia, kinga ya mwili inageuka na kushambulia utumbo mdogo. Sehemu za kufyonza chakula zinaharibika, ndio unapata mtu anakula vizuri lakini damu iko chini na amechoka kila siku. Hata kama tumbo haijalalamika, madhara yanaweza kuendelea. Hakuna tembe ya kumaliza hii kitu. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Kama bado hujapimwa, usiache sahii. Kipimo cha damu kinahitaji uwe bado unakula gluteni, la sivyo majibu yanaweza kukudanganya.

Sasa, rada ya sosi iko hivi:

Soya: Tafuta tamari. Nyingi ni soya bila ngano, lakini si zote, kwa hivyo soma lebo. Kikkoman wako na tamari isiyo na gluteni, lakini wanauza pia ile ya ngano, usibebe chupa juu ya jina tu.

Oyster na hoisin: Chunga. Mara nyingi zimeongezwa uzito na unga wa ngano, ama ndani kuna soya ya kawaida.

Teriyaki: Msingi wake ni sosi ya soya. Kama haijaandikwa haina gluteni, wachana nayo.

Gochujang ya Wakorea: Nyingi ina ngano au shayiri.

Sosi ya samaki: Hii ndiyo beshte yako. Kawaida ni samaki na chumvi, wakati mwingine sukari. Bado cheki lebo.

Siki: Ya mchele kwa kawaida iko sawa. Ile nyeusi ya Kichina huwa na nafaka, mara nyingi ngano.

Kwa lebo, tafuta maneno "wheat", "barley", "rye" na "malt". Ukiona "wheat free" usishangilie bado, shayiri inaweza kuwa ndani. Unayotaka ni "gluten free". Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema isizidi miligramu 20 kwa kilo.

Tamari ikikulemea bei, jitengenezee. Changanya vijiko viwili vya sosi ya samaki, maji ya ndimu moja, kijiko cha asali, tangawizi, saumu na pilipili. Ukitaka iwe nzito, koroga wanga wa mahindi na maji baridi, umwage ikichemka. Kula na wali ama tambi za mchele. Zile tambi za pakiti za kuchemsha dakika chache ni ngano, hizo zisahau.

Mwisho, kama unaishi na maroomie, kuwa na karai na mwiko wako. Karai iliyotoka kupika na soya ya ngano, ama mafuta yaliyokaanga mandazi, inaweza kuharibu hiyo kazi yote. Waelezee mapema, kabla mtu akukaribishe dishi na roho safi halafu wewe ndio uumie.