Gitaa lililozomewa Montreux

Albamu ya Texas Flood haikukusudiwa kuwa albamu. Mwishoni mwa Novemba 1982, wanaume watatu kutoka Austin, Texas, waliingia katika studio ya mwanamuziki Jackson Browne mjini Los Angeles ili warekodi kanda ya majaribio, ya kuzungushia kwenye kampuni za muziki. Browne aliwapa saa 72 bure, kipindi cha sikukuu ya Shukrani, studio ikiwa haina kazi. Kanda walizorekodia nazo zilikuwa za kuombaomba, zimeshatumika. Stevie Ray Vaughan alishika gitaa, Tommy Shannon besi, Chris Layton dramu. Wakajipanga chumbani kama wako jukwaani, wakapiga.

Kanda hiyo ikamfikia John Hammond, mtayarishaji mkongwe aliyewaibua Billie Holiday na Bob Dylan. Mzee aliisikia, akaipenda, akaipeleka kampuni ya Epic. Albamu ikatoka Juni 1983, ikapanda hadi nafasi ya 38 katika chati ya Billboard. Nafasi ya 38 si kitu cha kupigia mbiu, mtu atasema. Lakini mwaka ule maduka yalikuwa ya Michael Jackson na Thriller yake, redio zimejaa vinanda vya umeme, na bluzi ilihesabiwa kuwa muziki wa wazee. Kwa santuri ya gitaa, besi na dramu tu, iliyorekodiwa bure, ile ilikuwa miujiza. Baadaye nchini Marekani peke yake ilivuka nakala milioni mbili.

Miezi michache tu kabla ya studio hiyo, wasikilizaji walikuwa wamempa Vaughan jibu jingine kabisa.

Julai 17, 1982, bendi yake, Double Trouble, ilipanda jukwaa la tamasha la Montreux, Uswisi. Hawakuwa na mkataba wala santuri. Waliingia kwa sababu mtayarishaji Jerry Wexler aliwaona Texas na kuwapigia debe kwa mwenye tamasha, Claude Nobs. Jioni ile ilipangwa kuwa ya bluzi, na sehemu kubwa ya wasanii walipiga kwa utulivu, bila makelele ya umeme. Akaja huyu wa Texas, kofia pana kichwani, vikuza sauti vimefunguliwa mpaka mwisho. Sehemu ya watu wakaanza kuzomea. Si uvumi: onyesho lilirekodiwa, likaja kuuzwa miaka mingi baadaye, na zomeazomea inasikika waziwazi katikati ya makofi.

Waliozomea hawakuwa wajinga wa muziki, na hapo ndipo kisa hiki kinaponoga. Walikuwa wapenzi wa bluzi waliojua wanachokitaka, na walichokitaka kilikuwa utulivu. Aliyewasikitisha hakupiga vibaya. Alipiga kwa nguvu mahali walipotegemea upole. David Bowie, aliyekuwa Montreux siku hizo, aliona kitu kingine, akamwita Vaughan New York kupiga gitaa katika albamu yake ya Let's Dance. Browne naye alikutana na bendi hiyo baani, wakapiga pamoja usiku, na ile studio ya bure ikazaliwa humo.

Kichekesho kikubwa kilifuata. Sehemu ya muziki wa jioni ile ile ya kuzomewa ilitiwa katika albamu ya mkusanyiko iitwayo Blues Explosion, na mkusanyiko huo ukashinda tuzo ya Grammy mwaka 1985. Julai ya mwaka huohuo Vaughan alirudi Montreux. Safari hii hakuna aliyezomea.

Kilichowanasa wasikilizaji wa Texas Flood ni nini hasa? Wapiga gitaa walikuwa wa kwanza kuitika. Katika kura za wasomaji wa jarida la Guitar Player za 1983, Vaughan alizoa tuzo tatu: kipaji kipya, mpiga bluzi wa gitaa la umeme, na albamu ya gitaa. Vijana walipogundua kwamba anafunga nyuzi nene kupita kawaida, na kushusha gitaa lake nusu sauti, wengi wakaiga. Vidole vikachubuka, sauti isije. Unene wa uzi haukuwa siri yenyewe. Siri ilikuwa mkono wa kulia, ule unaopiga mdundo na solo kwa wakati mmoja, kana kwamba kuna mpiga rithimu aliyejificha nyuma ya pazia. Sikiliza "Pride and Joy", kisha ruka mpaka "Lenny", wimbo usio na maneno aliomtungia mkewe. Binafsi ningeupa wa pili alama nyingi zaidi: humo hana haraka ya kumshinda mtu.

Wakosoaji nao walikuwapo, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Walisema huyu mzungu wa Dallas anauza tena mali ya Weusi. Kweli, wimbo uliobeba jina la albamu ni wa Larry Davis, aliyeurekodi mwaka 1958 kwa kampuni ya Duke, gitaa likipigwa na Fenton Robinson. Nyingine zilitoka kwa Howlin' Wolf, Buddy Guy na ndugu wa Isley. Lakini sita kati ya nyimbo kumi zilikuwa zake au alishiriki kuzitunga, na waliokopwa aliwataja kila alipopata nafasi.

Aliyekopwa kuliko wote ni Albert King, kwa ile namna ya kuvuta uzi mpaka ulie. Desemba 1983 wawili hao walikutanishwa katika studio ya televisheni mjini Hamilton, Kanada. Inasimuliwa kwamba King hakujua Stevie Ray Vaughan ni nani, hadi alipomtambua: kumbe ni yule kijana mwembamba aliyewahi kupanda naye jukwaani Austin. Walipiga nyimbo za King karibu kipindi kizima. Ulipofika wakati wa "Pride and Joy", mzee akamwachia kijana uwanja, naye akashika kazi ya kumsindikiza.