Timu Iliyozaliwa Stendi

Vijana wetu wa Mhunze wanayataja kwa ghibu majina ya wachezaji wa Uingereza, lakini ni wachache waijuao habari ya Stand United, timu iliyozaliwa kwenye stendi ya mabasi ya Shinyanga mjini.

Iliasisiwa mwaka 2012 na watu wapatao riziki yao pale stendi. Mashabiki wakaiita Chama la Wana. Mwaka 2014, miaka miwili tu baadaye, ikapanda Ligi Kuu pamoja na Ndanda ya Mtwara na Polisi Morogoro. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi hapa wilayani kwetu Kishapu, ilipanda mwaka mmoja nyuma yake.

Kisha ikaja fedha. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi, iliidhamini mwaka 2015; akaletwa hata kocha Mfaransa, Patrick Liewig. Hapo ndipo lilipozuka swali: timu hii ni mali ya nani? Wengine walisema ni ya wanachama, wengine wakataka iendeshwe na kampuni. Mwaka 2016, mzozo ukiwa bado unafukuta, mdhamini akajitoa.

Kwa maoni yangu fedha haikuwa na hatia. Maelewano yanayowatosha watu wanaochangiana nauli hayatoshi mdhamini anapobisha hodi.

Timu ilishuka daraja mwaka 2019. Mwadui ikashuka mwaka 2021, mwaka uleule Geita Gold ilipopanda, na mzazi wa Shinyanga aliyetaka kumwonesha mwanawe Ligi Kuu ikambidi kwanza apande basi.