THC au CBD: Ipi Hasa Inatuliza Maumivu?

Chupa yenyewe ni ndogo, ya mililita 30, na mara nyingi imesafiri kwenye begi la ndugu aliyetoka Marekani au Uingereza. Lebo inasema CBD, miligramu 1000. Anayeileta duka la dawa ni mama mtu mzima anayesumbuliwa na magoti, au mzee mwenye kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku kucha, na swali lao ni lilelile: hii si ndiyo ile bangi wanayosema inaondoa maumivu? Ni kweli imetoka kwenye mmea huohuo. Lakini kiambata kinachopunguza maumivu, kwa kiasi hicho kidogo kinachopunguza, ni kingine, na humo kwenye chupa ama hakimo kabisa ama kimebaki cha kuhesabika.

Bangi ina viambata zaidi ya 100 vya ukoo mmoja, vinavyoitwa kanabinoidi. Viwili ndivyo vilivyochunguzwa kwa kina. CBD ilitenganishwa na mkemia Mmarekani Roger Adams mwaka 1940, na THC ikafuata mwaka 1964, kazi ya Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni huko Israeli. THC ndiyo inayolevya, CBD hailevyi. Na hata hiyo THC haimo kwa wingi kwenye jani bichi: mmea huitunza kama asidi, na joto la moto ndilo linaloigeuza.

Ilichukua miaka mingi kujua THC inashika wapi mwilini. Mwaka 1990 muundo wa kipokezi chake cha kwanza, CB1, kilichomo kwenye ubongo, ulitambuliwa, na miaka miwili baadaye wanasayansi wakagundua kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayokaa kwenye kipokezi hicho. Kazi ya kemikali hiyo ni kuwa kama breki. Mshipa wa fahamu unapopiga kelele kupita kiasi, kemikali hiyo hurudi nyuma kwenye chanzo na kupunguza kasi. THC hukikalia kipokezi hicho kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi. Vipokezi vya CB1 ni vichache kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza kupumua, na ndiyo sababu bangi haisimamishi pumzi ya mtu kama mofini iliyozidi kipimo inavyoweza kufanya.

Jaribio moja la Oxford lililochapishwa mwaka 2013 linanivutia kuliko mengine. Wanaume 12 wenye afya walipakwa mguuni krimu yenye kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipomeza THC miligramu 15, makali ya muwasho hayakushuka kwa kiasi cha maana. Kilichobadilika ni jinsi ulivyowakera. Ulikuwepo, ila haukuwasumbua sana. Na hata hilo halikumtokea kila mmoja kwa kiwango sawa. Ukilielewa jaribio hili utaelewa kwa nini mgonjwa mmoja anaapa kuwa dawa imemponya na mwenzake haoni chochote.

Kwa wagonjwa halisi, dawa iliyopimwa zaidi ni nabiksimoli, inayouzwa kwa jina la Sativex. Ni ya kupuliza kinywani, na kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD, karibu nusu kwa nusu. Kanada iliikubali mwaka 2005 kwa maumivu ya mishipa ya fahamu ya wagonjwa wa maltipo sklerosisi. Uingereza ilipoikubali mwaka 2010, ilikuwa kwa kukakamaa kwa misuli ya wagonjwa haohao, si kwa maumivu. Ilipopelekwa kwenye majaribio makubwa ya maumivu ya saratani, ilishindwa kufikia lengo kuu la majaribio hayo.

Karibuni zaidi, mwaka 2025, zilitoka habari njema kiasi kuhusu dondoo la mmea mzima lenye THC, linaloitwa VER-01. Lilijaribiwa kwa watu 820 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini. Katika vipimo hivi mgonjwa huulizwa ayape maumivu yake alama, kuanzia 0 mpaka 10. Waliotumia dondoo walishuka kwa wastani wa alama 1.9. Inasikika vizuri, mpaka ukumbuke kwamba waliopewa dawa tupu, isiyo na kitu ndani, nao walishuka. Tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa alama 0.6. Ni nafuu ya kweli, lakini si nafuu ya kumwinua mtu kitandani.

Sasa CBD, ambayo ndiyo imejaa kwenye matangazo. Watafiti wa Denmark waliwapa wagonjwa wenye maumivu ya viungo vya mikono miligramu 20 hadi 30 kwa siku, wiki 12. Haikuipita dawa tupu. Wapo waliodai kipimo kilikuwa kidogo mno, na dai hilo lilikuwa na haki yake. Lakini watafiti wa Vienna walipandisha hadi miligramu 600 kwa siku kwa wenye magoti yaliyochakaa, juu ya parasetamoli, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023: magoti yaliendelea kuuma vilevile. Mapitio ya Marekani ya mwaka 2022, yaliyopanga tafiti kwa uwiano wa THC na CBD, yalikuta picha hiyohiyo. Penye THC nyingi au nusu kwa nusu palikuwa na nafuu ndogo au ya wastani kwa muda mfupi, pamoja na kizunguzungu na usingizi. Kwa CBD peke yake hapakuwa na ushahidi wa kutegemewa.

Hii haina maana kwamba CBD ni maji. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha CBD safi kwa aina mbili ngumu za kifafa cha watoto, na inafanya kazi. Tazama tu kipimo chake: miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni 600 hadi 1200. Rudi kwenye ile chupa. Miligramu 1000 ndani ya mililita 30 ni kama 33 kwa kila mililita, na tone moja lina chini ya 2. Mama yetu wa magoti anadondosha matone matano asubuhi na matano jioni. Fanya hesabu mwenyewe.

Na hapo tumeiamini lebo. Watafiti walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD na kuzipima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa 26 tu, chini ya theluthi. Katika 18 ilikutwa THC. Mkimbiaji wa Iten au Arusha anayepaka au kumeza mafuta haya aelewe: shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, WADA, liliiondoa CBD kwenye orodha ya marufuku kuanzia 2018, lakini THC wakati wa mashindano bado ni kosa, na chupa iliyodanganya haitamtetea.

Kitu kimoja cha pembeni, kwa wapenzi wa tiba asilia. Kipokezi cha pili, CB2, kinachohusiana zaidi na kinga na uvimbe, hushikwa pia na kariofilini, kemikali yenye harufu iliyomo kwenye bangi, na iliyomo vilevile kwenye pilipili manga na karafuu za Pemba. Mwaka 2008 ilithibitishwa hivyo maabara. Haileweshi na haina polisi. Lakini kushika kipokezi kwenye maabara si sawa na kutibu goti la mtu, na mtu asianze kunywa mafuta ya karafuu kwa sababu yangu.

Hatari nazo hazigawanyiki sawa. THC huongeza mapigo ya moyo, huwaangusha wazee kwa kizunguzungu, na kwa kijana mwenye mwelekeo wa ugonjwa wa akili inaweza kuuamsha. Mjamzito asiiguse. CBD kwa kipimo kikubwa huweza kuliumiza ini, na huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kuanza kutoka damu bila kujua chanzo ni matone ya zawadi. Mwaka 2021 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, IASP, kilisema wazi kwamba hakiungi mkono matumizi ya jumla ya kanabinoidi kwa maumivu.

Kisha kuna sheria. Rwanda imeruhusu kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, wananchi wake wakibaki hawaruhusiwi kuitumia kiholela. Nchini Tanzania na Kenya bangi ni dawa ya kulevya kisheria, na lebo ya Kiingereza haimkingi mtu akikaguliwa uwanja wa ndege.

Kwa hiyo wenye nyayo zinazowaka wamwulize daktari kuhusu amitriptilini au gabapentini. Zimepimwa, na ya kwanza ni ya bei nafuu. Na mwenye mgonjwa wa saratani nyumbani, kabla hajamwomba ndugu wa ughaibuni alete chupa, aulize hospitali kuhusu mofini ya maji. Uganda inaitoa kwa wagonjwa tangu Dk. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na Dar es Salaam ipo hospitali ya saratani ya Ocean Road. Usikubali kuambiwa kwamba kwa mgonjwa wa saratani maumivu ni jambo la kawaida tu.